Mtu Aliye Majini: Desturi Moja ya Manowari za Waingereza

Leo tumekusudia kuwasimulieni habari za manowari za Waingereza. Hatutazungumza juu ya ukubwa wa mizinga yao wala unene wa chuma chao, kwa maana habari za namna hiyo huchakaa upesi. Mzinga uliokuwa ajabu kwa baba ni chuma kikuukuu kwa mwana. Tutazungumza juu ya desturi yao moja ambayo imedumu tangu zama za matanga hata zama za injini, nayo ni jinsi manowari ipaswavyo kumtendea mtu aliye majini.

Watu wa pwani husema, mfa maji hukamata maji. Maana yake ni kwamba mtu azamaye hushika cho chote kilicho karibu naye, hata kisichoweza kumsaidia. Hata sisi wa bara, ambao wengi wetu hatujaona bahari, tunalijua jambo hili kwa mito yetu wakati wa masika. Mtu akichukuliwa na maji, hatuulizi kwanza kabila lake wala deni lake. Twakimbilia kamba.

Basi manowari ina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kupigana na adui na kuzilinda meli zisizo na silaha. Kazi ya pili ni kuokoa watu. Siku za amani kazi hizi mbili hukaa pamoja kama ndugu wa tumbo moja. Lakini siku za vita huja saa ambapo nahodha hawezi kuzifanya zote mbili, naye hana budi kuchagua. Saa ya namna hiyo iliwafikia vijana wetu wa Afrika ya Mashariki mwaka wa 1944, katikati ya bahari ya Hindi. Tutafika huko, lakini ili tuelewe vema yaliyotokea siku ile, yafaa kwanza tuijue desturi yenyewe na tuone ilikotoka.

Na tuanze na siku za amani. Katika kila manowari mabaharia hufundishwa mara kwa mara jinsi ya kumwokoa mtu aliyeanguka baharini. Hutupwa sanamu ya mtu majini, nao hutakiwa kuirudisha melini upesi iwezekanavyo. Amwonaye mtu akianguka hupiga ukelele na kutaja upande alioangukia, na aliye karibu hutupa boya. Baharia mmoja hupewa kazi ya kumnyoshea kidole yule aliye majini, naye hana ruhusa ya kugeuza macho hata nukta moja, kwa kuwa kichwa cha mtu katikati ya mawimbi ni kitu kidogo mno, na ukikiacha kidogo tu hukioni tena. Mshika usukani naye huugeuza ule upande ule ule alioangukia mtu, na wala si upande wa pili. Sababu yake ni hii: meli ikigeuza omo yake upande mmoja, tezi yake huenda upande wa pili, na huko teziko ndiko iliko rafadha, ambayo ingeweza kumkata vipande. Juu hupandishwa bendera ya rangi mbili, nyekundu na manjano, iliyogawanywa mshazari, ili meli zote zilizo karibu zijue kwamba kuna mtu majini.

Hata kwa mtu asiyeokoka ilikuwako desturi yake. Zamani za matanga, baharia akifa safarini, sanduku lake la nguo lilifunguliwa mbele ya wenzake, na vitu vyake vikapigwa mnada. Mgeni angalishangaa kuona mabaharia maskini wakinunua kisu kilichokwisha makali au kofia iliyotoboka kwa bei isiyo na kadiri. Tena mara nyingi mtu akiisha kulipa alikirudisha kile kitu mnadani kiuzwe mara ya pili, na hata mara ya tatu. Hawakuwa wakinunua kofia. Fedha zilizokusanywa zilipelekwa kwa mjane wa marehemu na watoto wake. Sisi nasi tuna kuchangiana kwetu matangani, kila mtu kwa kadiri yake. Na mabaharia wale, waliokuwa mbali na kwao miaka mingi, walifanya matanga yao kwa namna hiyo.

Sasa na tusimulie habari ya meli iitwayo Birkenhead, ambayo wengi wameichukua kuwa kama mama wa desturi hii. Birkenhead ilikuwa meli ya chuma yenye magurudumu ya kupigia maji ubavuni, nayo ilikuwa mali ya jeshi la manowari la Uingereza, ikitumiwa kuchukua askari. Mwezi wa Februari mwaka wa 1852 iliondoka Simon's Town karibu na Rasi ya Tumaini Jema, ikifuata pwani ya Afrika ya Kusini kuelekea mashariki. Ilichukua watu zaidi ya 600. Wengi wao walikuwa askari waliopelekwa kupigana na Waxhosa, watu waliokuwa wakiitetea nchi yao. Jambo hilo nalo ni sehemu ya historia, na si vema kulificha. Wengi wa askari hao walikuwa vijana wageni wa kazi. Walikuwamo pia wanawake na watoto.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Februari, yapata saa nane za usiku, meli iligonga mwamba karibu na rasi iitwayo Danger Point. Maji yaliingia kwa nguvu, na askari wengi walikufa maji papo hapo wakiwa bado wamelala. Waliosalia walipanda juu. Mashua zilikuwa haba, na baadhi yake hazikuweza kushushwa, maana vyombo vya kuzishushia vilikuwa vimeshikana. Kanali Alexander Seton aliwaamuru askari wajipange safu, wakae kimya, na watii amri za nahodha. Wanawake na watoto walitiwa katika mashua moja, wakasogezwa mbali na meli.

Hata meli ilipokaribia kukatika, nahodha Robert Salmond alipaza sauti kwamba kila awezaye kuogelea na ajitupe baharini, aifuate mashua. Lakini maafisa wa askari waliona hatari yake. Watu mia kadhaa wakiifuata mashua iliyojaa wanawake na watoto, kila mmoja ataushika ukingo wake, nayo itapinduka, kwa kuwa mfa maji hukamata maji. Wakawasihi askari wao wasimame pale pale walipo. Wakasimama, ila wachache sana. Meli ikakatika chini ya miguu yao. Tangu kugonga mwamba hata kuzama hazikupita dakika 30. Waliookoka walikuwa 193 tu. Salmond na Seton hawakuwa miongoni mwao. Lakini wanawake na watoto waliokuwa katika ile mashua waliokoka wote.

Habari ile ilienea duniani. Yasemekana hata mfalme wa Prussia aliamuru isomwe mbele ya vikosi vyake vyote. Tangu hapo Waingereza wakawa na msemo, kwamba katika meli inayozama wanawake na watoto hutangulia. Haikuwa sheria iliyoandikwa, nayo haikufuatwa katika kila meli iliyozama. Lakini sheria nyingi zilizoandikwa hazina nguvu kama ile ya desturi ambayo mtu huona haya kuivunja.

Hiyo ndiyo desturi katika uzuri wake. Sasa tazameni jinsi vita vilivyoigeuza ikawa mtego.

Mwezi wa Septemba mwaka wa 1914, vita vikuu vya kwanza vilikuwa vimeanza majuma machache tu yaliyopita. Tarehe 20 ya mwezi ule, huku kwetu Unguja, manowari ya Wadachi iitwayo Königsberg iliivamia manowari ya Waingereza iitwayo Pegasus, iliyokuwa imetia nanga ikitengenezwa injini zake, ikaipiga mizinga hata ikazama. Wengine katika mabaharia wake wamezikwa katika kisiwa kidogo cha Chapwani, mbele ya mji wa Unguja. Siku mbili baadaye, mbali sana na hapo, katika bahari ya Kaskazini karibu na Uholanzi, msiba mkubwa zaidi ukatokea.

Manowari tatu kuukuu za Waingereza, Aboukir, Hogue na Cressy, zilikuwa zikilinda bahari ile. Mabaharia wao wengi walikuwa wazee wa akiba walioitwa kutoka makwao, na pamoja nao walikuwamo vijana wadogo waliotolewa katika shule ya uafisa, wengine wana umri wa miaka 15 tu. Asubuhi ya tarehe 22, mara baada ya mapambazuko, Aboukir ilipasuka ubavu. Nahodha wake alidhani imegonga bomu lililotegwa baharini, akaziita zile mbili zije kuokoa watu wake. Zikaja. Hogue ikasimama, ikaanza kushusha mashua. Lakini halikuwa bomu la kutegwa. Ilikuwa nyambizi moja ya Wadachi, yaani manowari iendayo chini ya maji, jina lake U-9. Hogue iliposimama, U-9 ikaipiga kwa topido, yaani kombora liendalo majini. Cressy nayo ilikuwa karibu, watu wakielea kandokando yake, wakiomba kuvutwa juu. Nayo ikapigwa.

Kwa muda wa saa moja na nusu hivi, manowari zote tatu zilikuwa chini ya bahari. Watu 1,459 walikufa, na 837 wakaokolewa na meli za Waholanzi na mashua za wavuvi wa Kiingereza. Angalieni jambo hili kwa makini. Meli ya kwanza iliuawa na adui, lakini ya pili na ya tatu ziliuawa na adui kwa sababu zilisimama kuokoa. Mkono wa huruma ndio ulioshikwa na mtego.

Wakuu wa manowari huko London wakatoa amri ya kuchoma moyo: tangu siku ile, manowari kubwa ikipigwa, manowari kubwa nyingine zisisimame kuisaidia, bali ziondoke upesi. Tujaribu kuiwaza amri hiyo kama aionavyo baharia. Amefundishwa tangu ujana kumnyoshea kidole mtu aliye majini na kutogeuza macho, kisha aambiwa ageuze meli nzima na kumpa mtu yule kisogo. Wala hatuwezi kusema kwamba wakuu wale walikuwa watu wakatili. Walikuwa wamehesabu maiti.

Vita vikuu vya pili vilipokuja mwaka wa 1939, swali lile lile lilirudi. Tarehe 24 Mei 1941, manowari ya Wadachi iitwayo Bismarck iliizamisha Hood, manowari iliyokuwa fahari ya Waingereza. Katika watu 1,418 wa Hood walipona watatu. Manowari za Waingereza ziliifukuza Bismarck siku tatu, zikaipata, zikaipiga hata ikazama tarehe 27 Mei. Mamia ya mabaharia wa Kidachi wakawa majini, katika mafuta mazito na mawimbi makubwa.

Je, Waingereza walifanyaje na watu waliowaua ndugu zao siku tatu tu zilizopita? Manowari mbili, Dorsetshire na Maori, zilisimama na kuteremsha kamba. Kijana mmoja aliyekuwa akijifunza uafisa katika Dorsetshire alishuka ubavuni mwa meli kwa mikono yake mwenyewe, ajaribu kumfunga kamba mjeruhi asiyeweza kujifunga. Watu zaidi ya 100 walivutwa juu. Kisha wapelelezi wa meli wakadhani wameona dalili ya nyambizi. Zile manowari mbili zikaondoka kwa mwendo wa kasi, na mamia ya watu wakaachwa wakielea, wengine wakiwa wameishika kamba. Katika watu zaidi ya 2,200 waliokuwamo katika Bismarck, walionusurika hawakufika 120. Waingereza waliokuwako wamesimulia kwamba miaka mingi baadaye bado walikumbuka nyuso za wale walioachwa.

Sasa twaja kwa manowari moja ambayo habari zake zatuhusu hasa. Jina lake ni Petard. Ilikuwa manowari ya mbio, ya namna ile itumiwayo kuzilinda meli nyingine na kuwinda nyambizi. Usiku wa tarehe 30 Oktoba 1942, katika bahari ya Kati, kaskazini ya Misri, Petard pamoja na wenzake waliilazimisha nyambizi moja ya Wadachi, U-559, kuja juu baada ya kuisaka saa nyingi. Wadachi wakajitupa majini, na nyambizi yao ikaanza kuzama polepole. Ndipo watu watatu wa Petard wakaenda kwenye nyambizi ile: Luteni Anthony Fasson, baharia Colin Grazier, na kijana Tommy Brown, ambaye kazi yake ilikuwa kuuza duka la melini, naye alikuwa na umri wa miaka 16 tu. Fasson na Grazier waliingia ndani gizani, maji yakiwafuata, wakatoa vitabu vya siri vya kuandikia habari za vita, wakampa Brown aliyesimama juu ngazini. Wakarudi ndani tena. Mara nyambizi ikazama nao. Brown aliokoka.

Vitabu vile viliwawezesha Waingereza kusoma habari ambazo nyambizi za Wadachi zilikuwa zikipelekeana katika bahari ya Atlantiki, na hivyo meli nyingi zikaepushwa na mauti. Jambo hilo lilifichwa miaka mingi hata baada ya vita kwisha. Fasson na Grazier walipewa nishani ya George Cross baada ya kufa kwao, na Brown akapewa George Medal. Tumeisimulia habari hii ili mjue kwamba mabaharia wa Petard hawakuwa watu waliohesabu uhai kuwa kitu rahisi. Walijua gharama yake kuliko wengi.

Mwezi wa Februari mwaka wa 1944, Petard ilikuwa katika bahari ya Hindi. Meli tano zilizojaa watu ziliondoka Kilindini, Mombasa, kwenda Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka. Zililindwa na manowari kubwa Hawkins, na manowari mbili za mbio, Paladin na Petard. Moja katika meli zile tano ilikuwa Khedive Ismail. Ndani yake walikuwamo watu 1,511. Karibu 1,000 kati yao walikuwa watu wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika ya Mashariki: askari wetu pamoja na maafisa wao. Walikuwamo pia mabaharia wa Kiingereza, na wanawake 83, wengi wao wauguzi. Askari wale walikuwa wamevuka bara na mito kuja pwani. Wengi wao hawakuwa wamepata kupanda meli kabla ya safari ile.

Tarehe 12 Februari, siku ya Jumamosi, walipokuwa wamekaribia visiwa vya Maldivi, saa nane na nusu za mchana, nyambizi ya Wajapani iitwayo I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa topido mbili. Meli ile haikuchukua dakika mbili kuzama. Hapakuwa na nafasi ya kujipanga safu kama katika Birkenhead, wala ya kumtanguliza mtu ye yote. Walio ndani walibaki ndani. Walioweza kuruka waliruka, na waliopata kitu kieleacho walikishika.

Meli nyingine ziliamriwa zitawanyike na kukimbia. Paladin ikaja kushusha mashua ili iwaokoe watu. Petard ikaanza kuitafuta nyambizi kwa chombo chake kisikilizacho chini ya maji. Ikaipata. Lakini mahali ilipojificha palikuwa chini kabisa ya wale watu waliokuwa wakielea.

Hapa ndipo zile kazi mbili za manowari zilipokutana uso kwa uso. Silaha ya kuipigia nyambizi iliyo chini ni pipa la baruti litupwalo majini, likapasuka kilindini. Na mpasuko huo huwaua walio majini karibu yake, hata kama hawakuguswa na chuma. Nahodha wa Petard akitupa mapipa, atawaua watu waliokwisha nusurika. Asipotupa, nyambizi itakuja kuipiga Paladin iliyosimama, kama U-9 ilivyoipiga Hogue. Kisha itazifuata zile meli nne, zilizokuwa na maelfu ya watu, wengine wao vijana wetu vile vile. Hakuwa na muda wa kumwuliza mtu.

Akatupa mapipa. Watu waliokuwa majini wakauawa, wala hakuna ajuaye hesabu yao kamili. Pigano likaendelea zaidi ya saa mbili. Nyambizi ikalazimika kuja juu. Paladin ikataka kuigonga, ikapasuliwa ubavu na bawa la chuma la nyambizi ile. Petard ikaipiga kwa mizinga, kisha kwa topido moja baada ya nyingine, na topido ya saba ndiyo iliyoimaliza. Hapo ndipo walionusurika walipokusanywa wote. Walikuwa wanaume 208 na wanawake 6. Waliokufa walikuwa 1,297, na wanawake 77 walikuwa miongoni mwao.

Ndugu wasikilizaji, tukifundisha habari hii mbele ya wanafunzi wetu, daima huulizwa swali moja: Je, nahodha yule alitenda haki? Tumesikia majibu mengi. Wengine husema kwamba aliokoa maelfu kwa mamia, na hesabu hiyo yatosha. Wengine husema kwamba mtu aliyekwisha kushika ubao na kumwona mwokozi wake akija, hastahili kuuawa na mwokozi yule yule. Na wengine huuliza jambo chungu zaidi: kama walioelea wote wangalikuwa watu wa kwao, je, mapipa yangalitupwa? Kwa hilo la mwisho historia ina jibu, maana mabaharia wa Kiingereza na wauguzi wa Kiingereza walikuwamo majini pamoja na askari wetu, wote chini ya mapipa yale yale. Bahari haikuwatenga, wala baruti haikuwatenga.

Lakini kwa maswali mawili ya kwanza sisi hatuoni kwamba moja lafuta jingine. Amri ile ilikuwa ya lazima, na mauti yale yalikuwa dhuluma kwa waliokufa. Yote mawili ni kweli. Mtu akitaka kuchukua moja na kuacha jingine ili moyo wake upumzike, ajua nusu ya habari. Desturi njema hujulikana kwa maumivu waliyo nayo watu wanapolazimika kuivunja, na kwa haraka waliyo nayo kuirudia. Waliouacha mkono wa mtu majini wakasahau, hao hawana desturi. Walioukumbuka usiku na mchana hata uzee wao, kwao desturi bado i hai.

Na kwa kweli ilirudiwa. Tarehe 12 Agosti 1949, mataifa yaliyokutana Geneva yalikubaliana mkataba juu ya majeruhi, wagonjwa na watu waliovunjikiwa na meli katika vita vya baharini. Mkataba ule waamuru kwamba kila baada ya pigano, pande zote mbili zifanye yote yawezekanayo, pasipo kukawia, kuwatafuta na kuwakusanya walio majini. Angalieni maneno yake: yote yawezekanayo. Hausemi kwamba meli ijitie mtegoni kama Hogue. Lakini wala haumpi nahodha ruhusa ya kusema kwamba adui aliye majini si mtu. Hivyo jambo lililoanza kama haya ya mabaharia limekuwa sheria ya mataifa.

Imebaki desturi moja ya kuwaambieni. Katika manowari za Waingereza, mtoto wa baharia aweza kubatizwa melini. Kengele ya meli, ile ile ipigwayo kuhesabu saa za zamu, hupinduliwa na kujazwa maji, mtoto akabatizwa kwa maji hayo. Kisha jina lake huchorwa ndani ya kengele, nalo hukaa humo muda wote wa maisha ya chombo. Mabaharia wanajua ya kuwa bahari haina kaburi lenye alama, kwa hiyo hulishika sana jina la mtu.

Basi sisi nasi tulishike. Katika makaburi ya vita huko Nairobi kuna Ukumbusho wa Afrika ya Mashariki, na miongoni mwa wanaokumbukwa hapo ni wale waliopotea katika Khedive Ismail, wasio na kaburi ila maji. Mwalimu apitaye Nairobi na wanafunzi wake na awapeleke. Na kijijini, kama yuko mzee ambaye ndugu yake au baba yake aliondoka Mombasa na kikosi cha mizinga mwaka ule asirudi, mwulizeni jina lake, mliandike. Baharia hufundishwa kumnyoshea kidole mtu aliye majini asimpoteze machoni. Kazi hiyo kwa watu wa Khedive Ismail sasa ni yetu.